Kiti cha Saba

Julai, na Osorno inanyesha,
mvua isiyo na haraka, mvua iliyostaafu kama mimi.
Nimefungua viti kumi na vitatu.
Bolti nyingine nilizibembeleza kwa mafuta,
nyingine nilizitukana.
Chini yake: vifutio, sarafu, jino la utotoni
ndani ya karatasi ya peremende;
miaka ishirini na miwili ya asubuhi za watoto wa watu.

Edelmira, dada yangu, alisimama mlangoni na mwavuli:
"Ndilo hili? Hili ndilo la kutufikisha jangwani?"
Nikampa ufagio.

Wenye ujuzi hupima kwa futi. Sisi tulipima kwa miili.
Nililala sakafuni, bati likaninyonya joto la mgongo,
naye akapiga chaki utosini na kisiginoni.
Kisha zamu yake, na nyonga yake mbovu.
Akanyanyuka kwa kuning'ang'ania shingo:
"Kitanda kiwe kimo cha goti.
Mimi si kuku wa kuparamia dari."

Kutani tulishindilia sufi ya kondoo wa Chiloé,
magunia sita, ina vijiti bado na harufu ya zizi.
Juu yake mbao nyembamba,
juu ya mbao kitambaa alichoshona usiku,
pini mdomoni, akinijibu kwa pua.

Lakini paa. Paa ndilo lililonipa homa.
Don Baudilio alikuja na msumeno wa umeme,
akachora mraba juu ya bati zima,
lisilovuja, lisilomkosea mtu,
akauliza, "Nikate?"
Miaka yote nimepigana na mvua isiingie,
leo nailipia mlango.
Nikaenda kuosha vikombe vilivyo safi.
Niliporudi, mbingu ya kijivu ilikuwa ndani,
ukubwa wa mto wa kulalia.

Feni ikakaa. Silikoni ikazunguka kwa kidole, mara mbili.
Tukaiacha mvua ijaribu.
Siku ya tano ikapata njia: tone moja,
kwenye mto wangu, si wa Edelmira.
Silikoni mara ya tatu, pamoja na matusi.

Betri chini ya kitanda, tangi la lita sitini,
jiko la macho mawili, moja linawaka.
Sinki ni bakuli la keki la marehemu mama,
nililolitoboa kitako
bila kumwuliza mtu.
Siku hiyo tulikula kimya.

Na kiti cha saba kimebaki.
"Kinakula nafasi," anasema. "Pangekaa kabati hapo."
Nikamwambia ni cha mzigo.
Mzigo ukapata pengine pa kukaa.
"Haya, sasa ni cha nani?"

Cha Remigio. Wa mwisho kushushwa, kila siku.
Kwao mlango ulikuwa haufunguki mapema,
tukingoja humu ndani, vioo vikifuka ukungu,
yeye akichora treni kwa kidole,
mimi nikijifanya natafuta kitu kwenye mkoba.
Kisha Jumatatu moja hakuwepo barabarani.
Walihamia Calama, alisema jirani,
baba kapata kazi mgodini.
Hivyo tu. Sikuwa ndugu yake, nani angeniaga?
Sasa ana miaka thelathini, akiwa yupo.

Edelmira alitazama ramani ukutani,
mstari mwekundu niliouchora tangu Machi,
Osorno hadi jangwani, na ncha yake ilipokomea.
Hakusema kitu. Alizima taa ya gereji.

Asubuhi nimekuta kiti kimevaa foronya,
buluu, mishono miwili miwili,
na mkanda umetolewa nje kwa tundu lililozungushiwa uzi.

Kesho tunajaza maji.
Kipimo cha tangi kimekufa kabla ya safari,
kwa hiyo Edelmira anapiga magoti, polepole, nyonga ikilalamika,
na kuligonga tangi kwa kifundo cha kidole,
juu, katikati, chini,
kama mtu anayebisha hodi
asiyejua kama kuna mwenyewe.